NJE YA UFUNGUO: UHAKIKI WA DHANA YA UTUNGAJI WA PAPO KWA PAPO KATIKA PIANO YA JAZI, KWA KUREJELEA WAPIGA KINANDA WA TUNDUMA

Sehemu hii ya tasnifu inahakiki dhana ambayo katika mafunzo ya piano ya jazi huitwa kupiga "nje". Mpigaji huanza ndani ya ufunguo fulani, huuacha kwa muda kwa kutumia noti zisizo zake, kisha hurejea kabla msikilizaji hajaamua kwamba amepotea. Hoja inayotetewa ni kwamba dhana hiyo, kwa namna inavyofundishwa, hueleza vizuri noti zinazotumika lakini hueleza vibaya kile kinachozifanya noti hizo ziwe za nje. Aidha, inadaiwa kwamba mpiga kinanda wa kanisani mjini Tunduma, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa hana nadharia yoyote ya muziki, tayari anayo sehemu kubwa ya maarifa yanayohitajika. Alichokosa ni lugha ya kuyataja.

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia. Barabara kuu iendayo Lusaka na reli ya TAZARA hupita hapo, na pamoja navyo hupita rumba ya Kongo, kalindula ya Zambia, dansi ya Dar es Salaam na nyimbo za kwaya. Jina "jazi" si geni kwa masikio ya Mtanzania, kwa kuwa bendi zetu za dansi zililibeba kwa miongo mingi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Hata hivyo, jina hilo lilikuja bila piano. Katika bendi hizo gitaa ndilo lililotawala, likisaidiwa na saksafoni na tarumbeta, na uhuru wa mpiga solo ulikuwa zaidi katika mapigo kuliko katika ufunguo. Kwa hiyo anayetaka kujifunza piano ya jazi Tunduma leo hana bendi ya kumrithisha. Ana kinanda cha umeme cha kanisa, na jukwaa lake la kila juma ni ibada.

Katika elimumitindo ya Kiswahili, dhana iliyo karibu zaidi na upigaji wa nje ni ukiushi. Tangu makala ya Jan Mukařovský ya mwaka 1932 kuhusu lugha sanifu na lugha ya ushairi, inakubalika kwamba ukiushi hauonekani isipokuwa kuna kaida inayosimama nyuma yake. Wahakiki wetu huipenda nusu ya kwanza ya kauli hii na kuisahau ya pili. Tasnifu nyingi huorodhesha ukiushi kama karani anayehesabu magunia ghalani: huu wa kisarufi, huu wa kimaana, huu wa kimuundo. Ni nadra kuulizwa ni kaida ipi iliyokuwa ikilia masikioni mwa msomaji wakati mwandishi alipoikiuka.

Mgogoro wa ushairi unatoa funzo hapa. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliweka wazi kaida za vina na mizani. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoziacha kaida hizo. Majibizano yaliyofuata yalitumia nguvu nyingi katika swali la uwezo: je, anayeacha vina ameviacha kwa kuwa hataki au kwa kuwa hawezi? Swali hilo lina uzito wake, lakini lilimeza jingine lililo bora zaidi, yaani kama msomaji anaposoma shairi lisilo na vina bado anavisikia vina visivyokuwepo. Mahali anapovisikia, kutokuwepo kwake ni tendo la kisanaa. Asipovisikia, hana kaida ya kulinganisha, na shairi husomeka kama nathari iliyokatwa mistari.

Tukirudi kwenye kinanda, swali hilo hilo linajitokeza kwa sura ya kiufundi, na ufundi wake unaweza kupimwa. Kwaya nyingi za Kimoravian, Kilutheri na Kikatoliki nchini hujifunza nyimbo kwa solfa, mfumo ulioendelezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19. Katika solfa, do haikai mahali pamoja. Do ni noti yoyote iliyochaguliwa kuwa msingi, na nyingine zote hupata jina kutokana na umbali wake kutoka hapo. Mwalimu wa kwaya anapotaka kutoka nje ya noti saba za ufunguo, solfa humpa njia mbili. Ya kwanza ni kubadili irabu: fa iliyopandishwa nusu toni huwa fe, na ti iliyoshushwa huwa ta. Ya pili ni noti ya daraja, ambayo huandikwa kwa majina mawili kwa wakati mmoja, jina lake katika ufunguo wa zamani na jina lake katika ufunguo mpya. Baada ya daraja, do imehama na waimbaji wote wamehama nayo.

Upigaji wa nje hauingii katika njia yoyote kati ya hizi mbili. Mpigaji wa nje hutunga kirai kizima juu ya do nyingine, chenye mantiki kamili ya do hiyo, lakini do ya kwanza haijahama. Ukikiandika kirai hicho kwa fe na ta, kitaonekana kama mkusanyiko wa makosa. Ukikiandika kwa noti ya daraja, kitaonekana kama wimbo umebadili ufunguo. Kwa maoni ya mwandishi wa tasnifu hii, pengo hili la maandishi ndilo chanzo kimojawapo cha hukumu ya haraka ya "ametoka nje" ambayo kiongozi wa kwaya humpa mpiga kinanda. Lugha yake ina neno la kosa na neno la kuhama, haina neno la kuondoka huku umebaki.

Tofauti hiyo inathibitishwa na rekodi mbili maarufu. Katika "So What" ya Miles Davis, iliyomo katika albamu Kind of Blue ya mwaka 1959, umbo la wimbo ni vipimo 32: vipimo 16 vya mwanzo viko katika D, vinane vinavyofuata vinapanda nusu toni hadi E-flati, na vinane vya mwisho vinarudi D. Hakuna mhakiki anayesema kwamba Bill Evans, aliyepiga piano, yuko nje wakati wa vipimo vile vinane vya kati. Besi imehama, bendi imehama, na msikilizaji amehama. Linganisha na McCoy Tyner katika kundi la John Coltrane miaka ya 1960. Mkono wake wa kushoto hugonga chini noti ya msingi na ya tano yake, kwa uzito wa mtu anayepigilia kigingi, huku mkono wa kulia ukiteleza nusu toni kwenda skeli nyingine. Seti za noti zinaweza kuwa zile zile, D na E-flati, lakini kwa Evans ni ndani na kwa Tyner ni nje. Kwa hiyo unje si sifa ya noti. Ni uhusiano kati ya noti na msingi ambao mtu mwingine, au mkono mwingine, amekataa kuuachilia.

Kutokana na hilo, zoezi ambalo walimu wa jazi hulitoa mwanzoni linaweza kuhakikiwa kwa karibu. Mwanafunzi huambiwa ashike D na A kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia apige skeli ya noti tano ya D maina: D, F, G, A, C. Vyote ni vibonyezo vyeupe. Kisha apandishe nusu toni: E-flati, G-flati, A-flati, B-flati, D-flati. Hivi ni vibonyezo vyote vitano vyeusi, na hakuna noti hata moja inayoshirikiwa na seti zote mbili. Zoezi hili ni zuri mno, na hapo ndipo tatizo lake lilipo. Kidole hulijua kabla ya sikio, kwani rangi ya vibonyezo inatosha kumwelekeza mtu asiyesikia chochote. Kwenda nje kunageuka kuwa kwenda kwenye weusi.

Kinachostahili kufundishwa zaidi, na ambacho kwa kawaida hutajwa kwa kupita, ni njia ya kurudi. Kila kibonyezo cheusi katika seti hii kiko nusu toni tu kutoka angalau noti moja ya nyumbani. E-flati hushuka D. B-flati hushuka A. G-flati huweza kushuka F au kupanda G, A-flati hushuka G au hupanda A, na D-flati hushuka C au hupanda D. Maana yake ni kwamba hakuna noti ya nje ambayo mpigaji anaweza kuikalia akakosa mlango wa karibu. Mwanafunzi aliyelelewa na solfa anaweza kulifanya zoezi hili kwa namna ambayo vitabu vya jazi havimtarajii. Anaweza kuiimba D kwa mdomo wake mwenyewe, bila kuiachia, huku mkono wa kulia ukiwa kwenye weusi. Sauti yake ikivutwa kwenda E-flati, amehama, hajatoka nje. Ikibaki D na bado akasikia kirai cha juu kina mantiki yake, amefika mahali pagumu ambapo Tyner alikuwa akifanyia kazi.

Hapa inafaa kutoa neno kuhusu kitufe cha kuhamisha ufunguo kilichomo katika vinanda vya umeme. Wapigaji wengi hupiga kila wimbo kwa maumbo ya C na kuiachia mashine kazi ya kupandisha au kushusha. Jambo hili hulaumiwa kuwa uvivu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inapita kando ya swali letu. Kitufe huhamisha kila kitu pamoja, do na vyote vinavyoitegemea, hivyo hakiwezi kumpeleka mtu nje hata kwa bahati. Wakati huo huo, aliyekaa miaka katika umbo moja ameijua do moja kwa undani kuliko anayeyumba katika funguo kumi na mbili. Kwa hatua ya kwanza ya upigaji wa nje, ujuzi huo unatosha. Kwa hatua ya pili hautoshi kabisa, maana skeli kumi na moja zilizobaki ndizo hazina yake ya nje, na hawezi kuchota asipopajua.

Hatua hiyo ya pili inaonekana vyema katika "Acknowledgement", sehemu ya kwanza ya A Love Supreme iliyorekodiwa Desemba 1964. Coltrane anachukua wazo fupi la noti nne na kulipitisha katika funguo zote kumi na mbili. Msikilizaji hapotei kwa sababu umbo la wazo halibadiliki, na mapigo yake ni yale yale. Mpiga solo wa sebene analijua jambo hili bila kufundishwa. Marudio ndiyo yanayompa msikilizaji subira. Ndiyo maana mwanafunzi wa Tunduma aliyekulia katika sebene na mapambio haanzi sifuri: ufunguo wake unaweza kuwa mmoja, lakini uthabiti wake wa mapigo, ambao ndio huokoa kirai cha nje kisisikike kama ajali, umekwishajengeka.

Kwa anayeandika kuhusu Tunduma kuna kishawishi cha kuulinganisha ufunguo na mpaka. Sitiari hii haifai kwa namna inavyokuja haraka akilini. Anayevuka kwenda Nakonde amebadili nchi, sarafu na sheria. Huyo ni "So What", si Tyner. Ikiwa lazima mpaka utumike, mfano ulio karibu zaidi ni mchuuzi aliyesimama Nakonde, anataja bei kwa kwacha, na kichwani bado anapiga hesabu kwa shilingi. (Neno "kodi", ambalo wanamuziki hulitumia kwa sauti zinazopigwa pamoja, lina maana nyingine yenye nguvu zaidi mjini hapo, na mtafiti anayehoji wapiga kinanda karibu na forodha hana budi kuanza kwa ufafanuzi.)

Linabaki suala la mahali pa kufanyia haya yote. Katika miji yenye vilabu vya jazi, mwanafunzi hukosea mbele ya wapigaji wenzake. Tunduma hukosea mbele ya waumini, na kosa lake si lake peke yake, kwani kwaya inayotegemea kinanda ikipoteza do katikati ya ubeti huipoteza mbele ya madhabahu. Kwa hiyo pingamizi la viongozi wa kwaya si ushamba, na watafiti wa muziki wangefanya vyema kuacha kulieleza hivyo. Wanalinda sikio la pamoja. Hata hivyo, pambio lina nafasi ambayo ubeti wa wimbo wa kitabuni hauna, nayo ni kipande cha ala baada ya kiitikio, wakati waimbaji wanacheza na hakuna anayetafuta noti yake kwenye kinanda. Gitaa la besi linazunguka palepale. Katika vipimo vinane vya mzunguko huo, vipimo viwili vya nje, cha tano na cha sita, vinaacha viwili vya kurudia kabla waimbaji hawajaingia tena. Siku ambayo mpiga besi hayupo, kazi ya kuishika do inauangukia mkono wa kushoto peke yake, na mpigaji ambaye mkono huo haujazoea kukaa mahali pamoja huku wa kulia ukiondoka hana sababu ya kutoka.