Kufundisha Sarufi ya Kiingereza

Mtoto ajifunzaye kulima hapewi kwanza majina ya sehemu za jembe ayakariri, hupewa jembe. Lakini katika kufundisha Kiingereza wengi wetu twatenda kinyume. Twaandika kanuni ubaoni, watoto huzikariri, kisha twastaajabu kwamba hawawezi kuomba hata maji ya kunywa kwa lugha hiyo.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyekaa karibu na mji wa York katika Uingereza, alitoa kitabu cha sarufi alichokitunga kwa ajili ya shule ya wasichana. Wasichana wale walisema Kiingereza tangu utoto. Kanuni ziliwaonyesha mpango wa lugha waliyokwisha kuijua. Kosa letu ni kuwapa kanuni za namna ile watoto wasio na lugha yenyewe. Ndiko kupanga vyombo katika nyumba isiyojengwa bado.

Mwingereza Harold Palmer, aliyekwenda Japani mwaka 1922, alifuata njia nyingine. Mwaka 1925 yeye na binti yake Dorothée walitoa kitabu kiitwacho "English Through Actions". Mwanafunzi huamriwa jambo, hulitenda, kisha hulitaja. Twaisifu njia hii, maana neno huandamana na kitendo. Ila walimu wengi huitumia nusu. Mwalimu afungua mlango mbele ya darasa zima, asema, "I am opening the door," na watoto waitikia kama wimbo. Je, ni nani amwambiaye mwenzake jambo analoliona kwa macho yake? Watu husema ili kumjulisha asiyejua. Basi mtoto mmoja na akae nje, aulize, "What is he doing?" na walio ndani wamjibu. Hapo maneno yana kazi.

Tena, Kiswahili hakina "a" wala "the". Kueleza maneno haya kwa kanuni peke yake ni kulaza darasa. Weka majembe matatu chini. Sema, "Bring me a hoe," na mtoto achukue lo lote. Kisha chagua moja lenye mpini uliovunjika, lizungumzeni kitambo, ndipo useme, "Bring me the hoe." Akileta jingine, wenzake watamcheka, naye hatasahau.

Vivyo hivyo "He has gone to the river" na "He went to the river yesterday". Mtoto wetu anayo tofauti hii nyumbani kwao: "amekwenda mtoni", yaani hajarudi, na "alikwenda mtoni jana". Mwalimu asione haya kuanzia hapo. Kiswahili si adui wa Kiingereza. Ni ngazi yake.

Hatusemi kanuni zitupwe. Twasema zije mwisho, zikusanye yaliyokwisha kutendwa. Aliyeleta jembe lisilotakiwa atapenda kujua sababu, na kanuni itakuwa jibu la swali lake mwenyewe.

Labda mtu atasema, "Watoto ni wengi, na mtihani u karibu." Ni kweli, lakini majembe matatu hayana gharama, na hasara ya kukariri ni kubwa kuliko mtihani mmoja. Katika Tanzania Bara, tangu mwaka 1967, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na katika sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyeingia huko na kanuni tupu hapotezi somo moja. Hupoteza hesabu, jiografia na elimu ya viumbe pamoja. Hukaa kimya, huitwa mjinga, na mwisho yeye mwenyewe husadiki, hali si mjinga, ila hakufundishwa.

Basi, walimu wenzetu, kabla ya kushika chaki kesho, na tujiulize: neno hili mtoto atamwambia nani, na kwa haja gani? Tukikosa jibu, somo bado halijawa tayari.