Merikebu Kwenye Bamba la Shaba

Ukiletewa picha ya bandari iliyochapwa kwa bamba la shaba, usiangalie merikebu kwanza. Angalia kamba za mlingoti. Bamba hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano, kisha asidi ikala shaba pale palipo wazi. Mstari ukiliwa muda mrefu huzama na kubeba wino mwingi. Mjuzi huzifunika kwa vanishi kamba za mbali mapema, akauacha ubavu wa chombo kilicho karibu uendelee kuliwa. Asiyejua huacha vyote viliwe sawasawa, na mlingoti wa ng'ambo ukatoka mweusi kama nguzo za gati.

Halafu maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuyajaza mawimbi hadi karatasi haipumui.

Kutokuwa msanii wa kulipwa si kisingizio. Francis Seymour Haden alikuwa daktari wa upasuaji London, akichora kwa mapenzi yake, na picha yake ya 1870 ya manowari Agamemnon ikivunjwa kwenye mto Thames inawashinda wengi waliokula kwa kazi hiyo. Shemeji yake, Whistler, alijifunza kuchora kwa asidi katika ofisi ya ramani za pwani Marekani. Mwaka 1859 akachora magati ya mto huohuo. Kwake mandhari mara nyingi imegeuka, kulia kukawa kushoto, kwa kuwa alichora alichokiona moja kwa moja kwenye bamba, na kuchapa hugeuza picha. Mimi sihesabu hilo kuwa kasoro.

Sasa ilaze karatasi karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Chapa halisi ina alama ya bamba iliyobonyea pande zote, na wino wa mistari mizito umeinuka kidogo. Ukiona vitone vidogo kwa lenzi, hiyo ni nakala ya kitabuni. Palipochorwa kwa sindano kavu bila asidi, vinyweleo vya shaba huachwa kando ya mstari, navyo hutoa weusi laini kama mahameli. Shinikizo la mashine huvilaza upesi, ndiyo maana chapa za mwanzo hugombaniwa.

Ukiuziwa bamba lenyewe, papasa kingo: zikiwa hazikupigwa tupa zitakata karatasi. Rangi ya kijivu juu yake yaweza kuwa tabaka la chuma lililowekwa ili bamba lisichakae. Na likiwa na mikwaruzo mirefu iliyokatiza picha, basi lilifutwa makusudi. Chapa yoyote yenye mikwaruzo hiyo ilitoka baadaye, wala usiilipie bei ya zile za kwanza.