Heko kwa Walezi wa Mbwa

Mbwa aliyekulia mtaani, ukiinama tu kufunga kamba ya kiatu, anatimua mbio. Anajua mkono ukishuka chini unaokota jiwe. Ndiyo maana nawapa heko walezi wa mbwa katika makao kama ya KSPCA jijini Nairobi, chama cha kulinda na kutunza wanyama chenye mizizi ya tangu 1910.

Kazi yao haitaki kiboko. Mbwa akimrukia mtu kifuani, anapewa mgongo, kimya, hata hatazamwi. Miguu yote minne ikigusa ardhi, papo hapo kipande cha maini. Ukichelewa sekunde chache, hajui analipwa kwa lipi. Vivyo hivyo anajifunza kuketi mlango unapofunguliwa, na kutembea bila kuvuta kamba. (Sisi tuliofunzwa kwa fimbo tuna haki ya kuona wivu.)

Kwa yule mwoga, mlezi huchuchumaa ubavuni, macho pembeni, akangoja. Leo hasogei. Pengine wiki nzima hasogei. Kisha asubuhi moja anakuja kunusa vidole, na mlezi, matope hadi magotini, anatabasamu peke yake.

Familia itakayomchukua itajisifu kwa majirani: “Mbwa wetu ana adabu!”