Ketamini bila mgonjwa

Mwaka 1978 vilitoka Marekani vitabu viwili kuhusu ketamini: The Scientist cha John Lilly, na Journeys into the Bright World cha Marcia Moore na mumewe, Howard Alltounian. Vyote vinaisimulia dawa hii kama safari: mwandishi anajidunga sindano, anauacha mwili, kisha anarudi na habari za huko.

Ukivisoma ukiwa Nyamiaga, wilayani Ngara, unajiuliza mgonjwa yuko wapi.

Ketamini huziba kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA. Ubongo hautafsiri tena maumivu kama kawaida, na kumbukumbu hazishiki. Hata hivyo, mara nyingi mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, na shinikizo lake la damu haliporomoki. Ndiyo sababu inafaa pale ambapo hakuna mashine ya usingizi, au umeme hukatika mama akiwa mezani anapasuliwa. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985.

Alltounian alikuwa daktari wa usingizi. Aliyajua haya kuliko wasomaji wake wote, lakini kiini cha kitabu chao kikabaki kuwa safari za wawili hao. Hapo ndipo ninapokilaumu. Lilly naye anaandika kwa uhodari, ila "mimi" yake imejaa chumba kizima. Hakuna nafasi ya mtu aliyepewa dawa ileile bila kuomba maono yoyote.

Masimulizi ya namna hii yana uzito. Mwaka 2015 China ilipendekeza kwenye Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, huko Vienna, ketamini idhibitiwe kimataifa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipinga, wakihofia upasuaji katika nchi maskini, uamuzi ukaahirishwa. Sisemi vitabu viwili ndivyo vilivyoleta pendekezo hilo. Nasema dawa inayosimuliwa na wasafiri peke yao ni rahisi kuifungia.

Sisi tuna neno nusu kaputi, na tuna neno kuweweseka, kwa yule anayezinduka akitaja vitu ambavyo wengine hawavioni. Ndugu huambiwa wasubiri, yatapita. Kweli hupita, na hakuna anayemuuliza aliona nini. Kitabu cha mtu huyo ndicho ninachotaka kukisoma.