Migongo ya Watazamaji

Wapo wanaosema kwamba Thomas Struth, mpiga picha wa Kijerumani, anawacheka watalii. Mimi sikubali. Anayetaka kucheka hahitaji kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, inayotiwa filamu kipande kimoja kimoja. Kamera ya namna ile hutaka subira, na mwenye dhihaka hana subira.

Tuchukue Louvre 4, aliyoipiga Paris mwaka 1989. Katika jumba lililokuwa la wafalme wa Ufaransa, watu wamekusanyika mbele ya mchoro wa Théodore Géricault, Chelezo cha Medusa. Meli Medusa ilikwama pwani ya Mauritania mwaka 1816, ikienda Senegali kuipokea koloni kutoka kwa Waingereza. Kapteni na wakubwa wakapanda mashua. Watu wapatao 147 wakarundikwa juu ya chelezo cha mbao zilizofungwa kamba. Siku 13 baadaye waliokutwa hai walikuwa 15. Kileleni mwa mchoro, mtu mweusi anapunga kitambaa kuiita meli iliyo mbali.

Sasa angalia migongo, ndugu msomaji. Anayepunga ametugeuzia mgongo, anaitazama meli. Watalii wametugeuzia mgongo, wanamtazama yeye. Nasi tuko nyuma yao. Foleni nzima, na hakuna anayemwona mwenzake usoni! Hiyo siyo dhihaka. Ni swali, nasi tumo ndani yake.

Lakini lawama ninayo. Jina Louvre 4 linataja nyumba na namba, basi. Bahari haimo, Senegali haimo, waliokufa hawamo. Utaniambia Géricault naye, mwaka 1819, aliuonyesha mchoro wake kwa jina la Ajali ya Meli tu. Sawa, lakini watu wa Paris wakati ule kisa walikijua, na aibu ya serikali yao waliijua. Sisi wa leo tusipoambiwa, tutaona rangi nzuri na umati nadhifu. Eti picha ijisemee yenyewe! Itajisemeaje kwa asiyejua kisa?

Mwaka 2004, huko Florence, Struth aliigeuza kamera. Akapiga nyuso za watu wanaomtazama Daudi wa Michelangelo, na Daudi mwenyewe hayumo pichani. Wengi huzisifu picha hizo. Mimi nabaki na migongo. Nyuso zile zinatupa watu wa kuwachungulia. Migongo inatuachia nafasi ya kusimama, na juu ya vichwa vyote yule mtu bado anapunga kitambaa.