Neno Lililomezwa na Mtandao

Mvua ya Kinoru haina adabu. Ilianza dakika chache kabla ya mshairi wa kwanza kufungua maiki, ikapiga mabati mpaka nikaingia chini ya blanketi na simu, spika sikioni kama mtu anayesikiliza umbea. Ndivyo nilivyowasikiliza washairi waalikwa wa Jumamosi hiyo: mmoja akiwa Nairobi, mmoja Mombasa, na mmoja hapa hapa Meru. Sisi wengine, watu arobaini hivi, tulikuwa vijisanduku vyeusi kwenye Zoom. Majina yao nitayaacha. Ni usomaji wa kijamii, watu walijitolea jioni yao bure, na nina maneno na mashairi yao, si na wao.

Kijana wa Nairobi ndiye tuliyekuwa tunamngoja. Ana sauti, ana Sheng inayoteleza, na jukwaani najua angeniinua kwenye kiti. Shairi lake lilikuwa la tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha na vijana wakapigwa risasi barabarani. Tatizo ni kwamba aliliandikia umati. Kila baada ya mistari minne aliacha pengo, mahali pa vidole kulia na watu kupiga kelele. Maiki zetu zilikuwa zimezimwa. Pengo likabaki pengo. Akaongeza sauti, pengo likazidi kuwa refu, na ukaanza kumwonea huruma msee wa watu.

Halafu mtandao ukaganda. Sekunde kumi, labda kumi na tano, mdomo wazi, mkono hewani. Aliporudi alikuwa mbali mbele, na hapo ndipo niliposhtuka: sikukosa kitu. Ile mistari iliyopotea ningeweza kuijaza na yoyote kati ya ile iliyotangulia, au kuipanga upya yote bila yeye mwenyewe kugundua. Majina ya barabara, hasira, jina la barabara, hasira. Katika shairi kuhusu watu waliokufa, kila mmoja na mama yake, naona hilo ni kosa kubwa. Kwenye ujumbe watu waliandika “moto!” na kumwaga emoji za moto. Mimi pia niliweka moja. Nakiri.

Najua jibu la mashabiki: ushairi wa jukwaani unahitaji watu, usiuhukumu kwa Zoom. Sawa. Lakini Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni, bila mtu wa kumpigia makofi. Kitabu kilipotoka 1973 mashairi yalikuwa yamesimama wima. Si lazima kila mtu afungwe ndipo ajue kutunga, lakini ile hali ya kutosikiwa ilimlazimu kuliwekea shairi mifupa yake lenyewe.

Mifupa ndiyo aliyokuja nayo mwalimu wa Mombasa. Tarbia tupu, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya ukwapi na vya utao, na mahadhi ya kule kwao. Mtandao ulimkata pia, katikati ya ubeti wa tatu, mwisho wa mshororo. Neno likamezwa. Kabla hajaendelea, watu watatu walikuwa wameandika kwenye ujumbe: jahazi. Hawakuwa wamewasiliana. Kina kilikuwa -zi, shairi lilikuwa la wavuvi, na ukihesabu, mizani tano za kile kipande zilikuwa zimefika na tatu zimepotea. Ja-ha-zi. Mama wa watu akacheka, akasema, “Ahsanteni wanangu,” akaendelea. Sijawahi kuona hoja nzuri ya kutetea vina na mizani kuliko hiyo, na shuleni nilikariri nyingi.

Ila tusemezane ukweli. Alisoma mashairi manne na yote yaliishia kwenye nasaha: vijana shikeni hili, vijana acheni lile. Jahazi lenyewe, ambalo tulilitafuta kwa pamoja, lilifika mwisho likageuzwa kuwa elimu. Nilitamani libaki jahazi, na maji yakiingia.

Wa tatu alikuwa binti wa huku kwetu. Anasoma kwa lafudhi ya Kimeru, ile wachekeshaji wa runinga wanayoitafutia kicheko, na hakuificha. Nilimpenda hapo tu. Hatumii vina. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 watu wamegombana kama hilo ni shairi au ni insha iliyokatwakatwa, na sisi wa huku tunasahau kwamba mmoja wa waliotia bidii zaidi katika mashairi huru Kenya, Kithaka wa Mberia, ni mtu wa Tharaka, kushuka tu kutoka hapa. Wengi wanamjua kwa Kifo Kisimani waliyosoma shuleni. Watafute Mchezo wa Karata, waone anavyopanga maneno kwenye ukurasa. Lakini kwenye Zoom hatukuwa na ukurasa. Sikio litashika nini?

Huyu binti alilipa kitu kimoja. Simu. Mama anachaji simu ya mwanawe kila jioni, anaipangusa, anaitoa asubuhi ikiwa imejaa. Hakutaja Juni, hakutaja Bunge. Kila aliporudi kwenye ile soketi ukutani, simu ilikuwa imezeeka kidogo, na wewe ukaelewa mwenye simu harudi. Mtandao ulipokatika tulirudi tukamkuta bado yuko sokenti, nasi tukajua tuko wapi. Urudiaji ule ulifanya kazi ya kina.

Kisha akaharibu. Sehemu ya mwisho ilitueleza simu ni nchi, chaji ni matumaini, na mama ni sisi sote. Nikaguna mpaka paka akaondoka.

Kwa kuwa wengi walilalamika kwamba hawakusikia vizuri, mwenyeji alimwomba arudie lote. Akarudia, taratibu zaidi, mvua ikiwa imepungua na mimi nimetoa kichwa nje ya blanketi. Alifika mahali mama anaposimama gizani, stima imepotea nyumba nzima, ameshika waya mkononi hajui aungoje au alale. Hapo mtandao wake ukakatika, na hakurudi tena.

Mwenyeji aliomba radhi mara tatu. Nilitafuta kitufe cha kufungulia maiki nimwambie asiombe, lakini tayari alikuwa anatuaga.