Kidole Juu ya Ngozi: Ustadi wa Kutambua Mapele Ngozi

Mapele ngozi ni ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na virusi vya jamii ya ndui, ndugu wa karibu wa vile vinavyoleta ndui ya kondoo na ndui ya mbuzi. Haumpati binadamu. Kwa kawaida huua wachache, mara nyingi chini ya mmoja kati ya kumi wa walioambukizwa, lakini anayepona hutoka amekonda, maziwa yamekatika, pengine na mimba imetoka, na ngozi imejaa matundu kiasi kwamba hakuna mchuuzi anayeitaka. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera nchini Tanzania, ambako ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huchungwa kwenye vilima na mabonde yanayoteremkia Mto Kagera, ugonjwa huu hupata kila kinachoufaa: mvua za misimu miwili, nzi wanaouma, mbu, kupe, minada, na mifugo inayotembea karibu na mipaka ya Rwanda na Uganda.

Kuutambua ni kazi ya ustadi, na ustadi huo hausifiwi inavyostahili. Vitu vinavyoweza kuinua uvimbe juu ya ngozi ya ng'ombe ni vingi, na kila kimoja kina tiba yake au hakihitaji tiba kabisa. Anayekosea jina hukosea na dawa. Sindano ya tetrasaiklini haiui virusi. Kazi yake hapa ni kuzuia bakteria wasiingie vidondani. Tena sindano moja ikipitishwa kutoka ng'ombe mgonjwa hadi mzima bila kubadilishwa au kuchemshwa, hubeba virusi vilevile ambavyo nzi angebeba, na zizi lililokuwa na mgonjwa mmoja huja kuwa na wengi.

Utambuzi huanza kabla ya pele la kwanza kutokea, na mtambuzi wa kwanza ni mchungaji. Huyo anamjua kila ng'ombe kwa jina, kwa rangi na kwa mwendo, na ndiye anayeona kwamba yule aliyezoea kutangulia mtoni leo amebaki nyuma, machozi yanamtoka na pua imelowa. Kuangalia ng'ombe kwa makini ni jambo la kale katika nchi hii. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya Mfalme Rumanyika, na ndani yake mlikuwa na sanamu za ng'ombe za shaba. Mhunzi wa namna hiyo lazima alikuwa amewatazama ng'ombe kwa miaka mingi kabla ya kushika nyundo.

Mtaalamu wa mifugo akifika, kipimajoto hutangulia. Ng'ombe mzima hukaa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Wa mapele ngozi anaweza kupita 41. Kisha mikono hutafuta tezi za limfu, ile iliyo mbele ya bega na ile iliyo mbele ya paja, ambazo hufura hadi zikaonekana kwa macho. Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa Kagera. Homa kali pamoja na tezi zilizovimba, katika nchi yenye kupe wengi, humfanya kila mtu aseme ndigana kali, na mara nyingi husema kweli. Lakini ndigana kali kwa kawaida huanza na tezi iliyo chini ya sikio, kwa kuwa kupe wake hupenda kukaa sikioni, na majimaji ya tezi hiyo yakipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, vimelea huonekana. Mapele ngozi huhitaji subira. Siku mbili hivi baada ya homa kupanda, ngozi yenyewe huanza kusema.

Ng'ombe huingizwa kwenye kibanio na kazi huhamia vidoleni. Kiganja hupita kinyume cha mlalo wa nywele, kuanzia shingoni, juu ya mabega, kwenye mbavu, hadi kwenye kiwele au korodani. Mapele ya kweli ni ya mviringo, magumu, juu yake ni bapa, na ukubwa wake huanzia nusu sentimita hadi tano. Nywele zilizo juu yake husimama, kwa hiyo mwanga wa asubuhi unaokuja kwa ubavu huyaonyesha vizuri kuliko jua la mchana. Ila uamuzi hauko machoni. Mtaalamu hubana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, akaiinua. Pele la mapele ngozi limeshika unene wote wa ngozi, mara nyingi hata na tishu za chini yake, na hujongea pamoja na ngozi kama kifungo kilichoshonewa kwenye kitambaa. Kina hicho ndicho alama kuu. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtu kukihisi. Hujifunzwa kwa kushika ng'ombe wengi.

Baada ya hapo kila kinachofanana huanza kuondolewa. Uvimbe wa mzio, unaotokea ghafla baada ya kuumwa na wadudu au kuchomwa dawa, ni laini, na huweza kutoweka kabla ya siku mbili. Jeraha la kupe huwa na kupe mwenyewe jirani, sikioni, kwapani au chini ya mkia. Sugu za ngozi huota juu juu kwa ndama na mitamba, zina ncha za kukwaruza, wala hakuna homa. Ugonjwa wa dermatofilosisi, unaoshamiri wakati wa mvua, hutoa vigaga vilivyogandamana na nywele. Kifundo cha nywele kikivutwa hutoka chote, na chini yake ngozi ni nyekundu yenye unyevu. Kama mapele yako kwenye chuchu tu, huku mkamuaji naye ana vinundu mikononi, basi ni ndui nyingine, kwa sababu mapele ngozi hayamwambukizi mtu.

Unaowadanganya hata wazoefu ni ugonjwa uitwao mapele ngozi bandia, unaoletwa na virusi vya jamii ya hepesi. Nao husambaza mapele mwili mzima, na kwa mbali mtu angeapa kwamba ni wenyewe. Tofauti ni kina tena. Wa bandia hubaki juu ya ngozi, hudondosha nywele na kigaga chembamba, halafu hupona bila kuacha shimo. Katika ule wa kweli kiini cha pele hufa, hujitenga na ngozi iliyokizunguka, na kikianguka huacha tundu linaloingiwa na nzi na mabuu.

Mkanganyiko huo umeandikwa katika historia ya ugonjwa wenyewe. Mapele ngozi yalielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929 katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kwa zaidi ya miaka kumi yalidhaniwa kuwa ni sumu ya mimea au mzio wa wadudu. Katika miaka ya 1940, ugonjwa ulipofagia mamilioni ya ng'ombe Afrika Kusini, ilithibitika kwamba unaambukiza. Mwaka 1957 watafiti Alexander, Plowright na Haig walichapisha matokeo ya kuotesha virusi kutoka kwa ng'ombe wenye mapele, na walikuwa wamepata zaidi ya aina moja: vya Neethling, ambavyo ndivyo vya mapele ngozi, na vya Allerton, ambavyo ni vile vya hepesi. Walter Plowright ndiye aliyetengeneza baadaye, huko Muguga nchini Kenya, chanjo ya sotoka iliyosaidia kuifuta sotoka duniani, tangazo lililotolewa mwaka 2011.

Tukirudi zizini, mtaalamu hamwangalii ng'ombe mmoja tu. Katika majaribio ya kuwaambukiza ng'ombe kwa makusudi, karibu nusu tu ndio hutoka mapele mwilini. Wengine hubeba virusi kimya. Kwa hiyo zizi zima hupimwa joto, na aliye na homa bila pele huhesabiwa mshukiwa. Ng'ombe wa kigeni na machotara wa Friesian, wenye ngozi nyembamba, kwa kawaida huumia kuliko Ankole, na ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Hata mkono ulio bora hauwezi kutoa jibu la mwisho, na mtaalamu mzuri hakasiriki kuambiwa hivyo. Huchagua pele changa, hunyoa nywele, hupiga ganzi kulizunguka, kisha hukata kipande chenye unene wote wa ngozi. Nusu huenda kwenye boksi la barafu, nusu kwenye formalini. Damu huchukuliwa wakati wa homa, maana baadaye virusi hupungua humo. Maabara ya Kanda ya Ziwa ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania iko Mwanza. Gari litokalo Kayanga, Karagwe, kupitia Biharamulo na Geita sasa huvuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kusubiri kivuko. Maabarani kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya virusi, na hutoa jibu kwa saa chache. Aina nyingine ya kipimo hicho hutenganisha virusi vya porini na vya chanjo, jambo lenye uzito, kwa kuwa chanjo ni ya virusi hai vilivyopunguzwa nguvu na ng'ombe wachache waliochanjwa hutoka vipele vidogo. Bila kipimo hicho mfugaji anaweza kuilaumu chanjo kwa ugonjwa uliokuwa umeingia zizini kabla yake.

Aliyechelewa kuitwa naye hajapoteza kila kitu. Virusi hivi vina uvumilivu mkubwa katika ngozi iliyokauka: vilivyo hai vimepatikana kwenye vidonda zaidi ya mwezi mmoja baada ya ugonjwa kuanza, na vinasaba vyake hadi takriban miezi mitatu. Kwa hiyo, pale ambapo homa imekwisha na mapele yameanza kuanguka, mtaalamu huokota vigaga vilivyodondoka kibanioni, huviweka kwenye chupa kavu yenye namba ya ng'ombe na tarehe, na kuvipeleka hivyohivyo.